Udongo wa Rweya Mbele ya Moto: Kuchagua Matofali ya Tanuri la Vyungu Bukoba na Muleba

Mfinyanzi wa Bukoba au Muleba anayekusudia kuacha kuchoma vyombo vyake kwenye moto wa wazi na kujijengea tanuri dogo uani hukutana mapema na swali la tofali lipi litumike, swali ambalo huonekana jepesi kwa kuwa matofali ya kuchoma yametapakaa mkoa mzima wa Kagera, mabondeni, kando ya barabara na nyuma ya nyumba zinazoendelea kujengwa. Ugumu wake hujitokeza pale inapokumbukwa kwamba tofali la nyumba lilitengenezwa ili libebe uzito na kustahimili mvua, na kwamba lilipita motoni mara moja tu, ilhali tofali la tanuri la vyungu litapashwa mpaka liwe jekundu na kupoa tena mara kadhaa kila mwezi, kwa miaka, huku likiwa limebeba tao zito juu yake. Tofali lifaalo kazi ya kwanza si lazima lifae ya pili, na lile bora kabisa kwa kazi ya pili, yaani la kiwandani linalouzwa kwa bei kubwa, halihitajiki katika sehemu kubwa ya tanuri la mfinyanzi wa kawaida.

Kinachoamua ni chombo kitakachochomwa, kwa kuwa chombo ndicho kinachopanga joto, na joto ndilo linalopanga tofali. Uchomaji wa wazi, ambao vyungu vilivyokauka hupangwa juu ya kuni na kufunikwa kwa nyasi kavu, kwa kawaida hutoa joto la kati ya nyuzi 600 na 850 za Selsiasi, likipanda upesi na kushuka upesi, nalo latosha kuutoa udongo yale maji yaliyofungamana ndani ya chembe zake, ambayo jua haliwezi kuyaondoa, hata udongo huo usiweze tena kurudi kuwa tope. Tanuri, kwa kuufungia moto ndani ya kuta, hufika nyuzi 900 hadi 1,000 bila taabu kubwa, na hapo chungu huwa kigumu zaidi na idadi ya vinavyopasuka hupungua. Juu ya hapo kuna vyombo vinavyochomwa kati ya nyuzi 1,200 na 1,300 mpaka udongo wake ukakazana kama jiwe na kutopitisha maji, navyo huvikwa glezi, yaani ngozi ya kioo inayoyeyushwa juu ya chombo. Mafundi wengi wapya hudhani kwamba daraja hili la juu ndilo la kulenga tangu siku ya kwanza, dhana ambayo haina msingi, kwa maana sifa ya Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye kazi zake zimo katika makumbusho makubwa ya dunia, imejengwa juu ya vyombo vya joto la chini visivyo na glezi. Mwenye soko la vyungu vya maua, mitungi, vyetezo na majiko anahitaji nyuzi 950 hivi, na tanuri la joto hilo laweza kujengwa karibu lote kwa udongo wa Kagera.

Buhaya, yaani nchi ya Wahaya wa Kagera, ina historia ndefu ya kuchagua udongo wa kukabili moto, ingawa historia hiyo inajulikana zaidi kwa upande wa chuma kuliko wa vyungu. Uchimbaji wa kiakiolojia uliofanywa Katuruka, karibu na Maruku, na baadaye katika eneo la Kemondo ulifukua mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma ya watu wa Zama za Chuma za Mwanzo, pamoja na vigae vya vyungu vya aina inayoitwa Urewe, jina lililotokana na mahali palipo magharibi mwa Kenya ambapo vyungu vya namna hiyo vilitambuliwa na wataalamu kwanza. Kwa hiyo mikono iliyofinyanga vyungu na ile iliyojenga matanuri ya joto kali ilifanya kazi katika jamii moja, na pengine kwenye mashimo jirani ya udongo. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa madini Donald Avery walishirikiana na wazee wa Kihaya, ambao walikuwa bado wanakumbuka ufundi uliokwisha kuachwa, kujenga upya tanuri na kuyeyusha chuma, na matokeo yake yakatolewa mwaka 1978 katika jarida la Science la Marekani. Joto lililopimwa lilizidi nyuzi 1,300, kiwango ambacho tofali la kawaida la nyumba lingelainika na kuinama kabla ya kukifikia.

Mazingatio ya mjenzi wa leo yako katika jinsi wazee hao walivyogawa kazi kati ya aina za udongo. Mwili wa tanuri, wenye umbo la pia iliyokatwa ncha na kimo cha mita 1.4 hivi, ulijengwa juu ya shimo kwa tope la kichuguu pamoja na vipande vya mavi ya chuma, yaani takataka ngumu zilizobaki katika uyeyushaji uliotangulia, ambazo kwa kuwa zilikwisha kupita motoni hazikuwa na mshangao tena kwa moto. Mirija ya kupitishia hewa ya mivukuto, ambayo iliingia ndani kabisa ya makaa na hivyo kupokea moto mkali kuliko ukuta, ilifinyangwa peke yake na kuchomwa kabla ya kutumika. Mtafiti S. Terry Childs alilichukulia suala hili la uteuzi wa udongo kwa uzito wa kutosha kuliandikia makala ya kitaalamu mwaka 1989, akitumia mabaki ya eneo hilohilo. Mgawanyo huo ndio kanuni ya tanuri la vyungu pia: hakuna tofali moja lililo zuri kwa tanuri zima, bali kila sehemu ina adui wake, na udongo huchaguliwa kwa kumtazama adui huyo.

Kichuguu kinastahili maelezo zaidi, kwa sababu mafundi wa matofali wa sehemu nyingi za Tanzania hukipenda bila kueleza sababu. Mchwa huchota chembe laini za udongo kutoka chini ya ardhi, huacha kokoto na mchanga mkubwa wasioweza kuubeba, kisha huzigandisha chembe hizo kwa mate, na matokeo yake ni udongo uliochekechwa na kukandwa tayari, wenye kushikamana vizuri kwenye kalibu na usio na mawe ya kuupasua motoni. Haimaanishi kwamba kila kichuguu ni sawa na kingine, kwa kuwa mchwa hawatengenezi udongo mpya, wanapandisha uliopo chini, na ukiwa na chokaa kichuguu nacho kitakuwa nayo. Ni vyema kichimbwe kichuguu kilichohamwa, maana kilicho hai kina wenyewe, wadudu na hata watu wanaokisubiri kwa ajili ya kumbikumbi.

Ili kuelewa kwa nini udongo mmoja husimama na mwingine huyeyuka, yafaa kuvijua viungo vinne. Silika ndiyo inayounda mchanga na sehemu kubwa ya kila udongo. Alumina ni mwenzake ndani ya chembe za mfinyanzi, na kadiri inavyozidi ndivyo udongo unavyostahimili joto zaidi. Udongo mweupe safi uitwao kaolini, ambao alumina ni karibu asilimia 39 ya uzito wake, hauyeyuki mpaka karibu nyuzi 1,770. Viungo vingine viwili ni vile vinavyoyeyusha: kundi la potashi, soda na chokaa kwa upande mmoja, na chuma kwa upande wa pili. Mvua ya ukanda wa Ziwa Viktoria, ambayo mjini Bukoba hufikia karibu milimita 2,000 kwa mwaka, imeosha udongo wa maeneo hayo kwa maelfu ya miaka na kuondoa sehemu kubwa ya potashi na chokaa, ikaacha chembe za jamii ya kaolini na chuma kingi. Hiyo ndiyo sababu rweya, yaani mbuga za nyasi zilizo kati ya vijiji, hazistawishi mazao vizuri, na ndiyo sababu pia kibanja cha migomba kilihitaji vizazi vya samadi, majani na majivu ili kirutubike. Lililo hasara kwa mkulima ni faida kwa mjenzi wa tanuri: udongo wa chini wa rweya, ukipatikana wenye mfinyanzi wa kutosha, humfaa kuliko ule wa kibanja, ambao umejaa majivu na mbolea, vitu vinavyoshusha kiwango cha joto ambacho udongo huanza kulainika.

Chuma kilichobaki ndicho tatizo. Moto unapopata hewa ya kutosha, chuma hukaa katika hali yake nyekundu na hakisumbui sana, lakini kuni zinaposongwa na moshi mzito kujaa ndani ya tanuri, chuma hicho hunyang'anywa sehemu ya oksijeni yake, hugeuka cheusi na huanza kushirikiana na silika kutengeneza kioo cheusi kinachoyeyuka, kuanzia karibu nyuzi 1,100 katika udongo wa kawaida. Udongo uliowapa wahunzi wa kale chuma chao ndio huohuo unaoweza kuangusha ukuta wa tanuri la mfinyanzi asiyeangalia moshi wake. Kwa vyombo vya nyuzi 950 hatari hiyo haiufikii ukuta wa chumba cha vyungu, isipokuwa sehemu moja, nayo ni kinywa cha moto, mahali kuni zinapowakia, ambapo joto huweza kuzidi lile la chumba kwa nyuzi mia moja au zaidi na ambapo majivu ya kuni, yenye potashi na chokaa, hurushwa moja kwa moja kwenye uso wa matofali na kuyalamba polepole.

Kuta za chumba cha vyungu, basi, zaweza kujengwa kwa matofali ya kuchoma ya kawaida, mradi yachaguliwe moja moja badala ya kununuliwa kwa lori zima. Wachomaji wa matofali hupanga matofali mabichi yawe tanuri lenyewe, wakaacha mashimo ya kuni chini na kulikandika tope kwa nje, na kwa sababu hiyo moto hauyafikii yote kwa kiasi kimoja. Yale ya pembeni na juu hutoka na rangi hafifu, hayajaiva, na yakilowekwa huanza kumeguka pembe. Yale yaliyogusana na moto wa mashimoni hutoka meusi, yamepinda na kung'aa kama kioo. Wajenzi wa nyumba huyapenda haya ya pili kwa msingi kwa kuwa hayanywi maji, na baadhi ya wafinyanzi huyachagua kwa hoja kwamba yamekwisha kuuzoea moto mkali, hoja ambayo ni potofu, kwani tofali lililogeuka kioo halina nafasi za hewa za kupokea mpanuko wa ghafla, na hivyo hupasuka mapema linapopashwa na kupoa mara kwa mara. Linalotakiwa ni la katikati, lenye rangi moja kutoka uso hadi kiini, lililonyooka, na lenye kutoa mlio wa kengele linapogongwa na mwenzake.

Baada ya macho na masikio huja majaribio matatu yasiyohitaji chombo zaidi ya mizani ya dukani. Tofali kavu hupimwa, hulazwa majini usiku kucha na kupimwa tena: likiwa limeongezeka uzito kwa asilimia kati ya 12 na 20 hivi, lina matundu ya kutosha na limeiva vya kutosha, chini sana ya hapo linaelekea kwenye kioo, juu sana ni bichi. Tofali lingine huvunjwa ili kiini chake kitazamwe, na hapo kokoto nyeupe na za kung'aa huhesabiwa kuwa dosari, kwa sababu ni silika ya fuwele, ambayo ifikapo nyuzi 573 hubadili mpangilio wake na kutanuka ghafla, na ipoapo husinyaa vivyo hivyo, ikiuchokoza udongo unaoizunguka katika kila uchomaji. Vipande vya konokono au kombe vilivyokuja na mchanga wa ufukweni ni vibaya zaidi, kwani hugeuka chokaa hai motoni, kisha chokaa hiyo hunywa unyevu wa hewa siku zinazofuata, huvimba na kubandua uso wa tofali. Jaribio la tatu ndilo la mwisho na ndilo lenye uamuzi: tofali hupashwa kwenye moto wa mhunzi mpaka liwe jekundu, hutolewa lipoe hewani, na jambo hilo hurudiwa mara nne au tano. Fundi asikubali kununua shehena ambayo sampuli zake tatu au nne hazijapita hapo, hata kama muuzaji ataona ni usumbufu.

Vitu vingine vinavyopatikana kwa urahisi havifai na havihitaji majaribio. Tofali la saruji hupoteza nguvu zake kuanzia karibu nyuzi 450, pale sehemu ya saruji iliyofungamana na maji inapovunjika, na tofali la kufungamana lililoshindiliwa kwa mashine, ambalo limekuwa likihimizwa nchini kwa ujenzi wa nyumba za gharama nafuu kwa kuwa halichomwi na hivyo haliteketezi miti, ni udongo na saruji, kwa hiyo lina udhaifu uleule. Mawe ya mchanga yanayoonekana kwenye magenge ya Bukoba ni silika ya fuwele kwa sehemu kubwa, na yakiwa na unyevu ndani yaweza kuruka vipande mbele ya moto. Yafaa msingi, basi.

Kwa kinywa cha moto mjenzi ana njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta matofali ya kiwandani yanayostahimili moto, yenye alumina ya asilimia 25 hadi 45 na vipimo vya milimita 230 kwa 114 kwa 64 au 76, ambayo mengine hupatikana kama mitumba pale viwanda vyenye majiko ya mvuke vinapokarabati kuta za ndani. Haya yakaguliwe upande uliotazama moto, na ngozi ya kioo iliyoganda juu yake ichongwe. Ya pili, ambayo kwa fundi mwenye subira ni bora, ni kuyafyatua mwenyewe. Michael Cardew, mfinyanzi Mwingereza aliyefanya kazi Ghana kuanzia mwaka 1942 na baadaye Abuja nchini Nigeria, alilazimika kutafuta na kupima udongo wa mahali kwa ajili ya matanuri yake, na uzoefu huo akauweka katika kitabu alichokitoa mwaka 1969, ambacho bado husomwa na mafundi walio mbali na viwanda. Kanuni ya msingi ni rahisi: udongo uliochaguliwa huchanganywa na vigae vilivyosagwa, yaani vipande vya vyungu na matofali yaliyokwisha kuchomwa vikavunjwa kufikia ukubwa wa punje za mtama na mchele, kwa kiasi cha theluthi moja hadi nusu ya mchanganyiko. Vigae hivyo vimekwisha kusinyaa, havisinyai tena, na kwa kutapakaa ndani ya tofali huzuia ufa mdogo usikimbie kuwa mkubwa. Ni hekima ileile ya mavi ya chuma katika ukuta wa wazee.

Kuupima udongo wa kazi hii hakuhitaji maabara. Mwishoni mwa karne ya 19 mkemia Mjerumani Hermann Seger alibuni pia ndogo za udongo zinazoinama kila moja katika joto lake maalumu, na mfano wake unaweza kuigwa kwa kufinyanga pia nyembamba za urefu wa kidole kutoka kwa kila udongo unaofikiriwa, wa kichuguu, wa rweya, wa bondeni, na kuzisimamisha pamoja kwenye makaa ya mhunzi yanayopulizwa kwa mvukuto. Ile inayoinama kwanza iondolewe katika orodha ya kinywa cha moto, na inayobaki wima ndiyo itengenezewe matofali. Udongo wote ukiinama mapema, huongezwa kaolini, ambayo Tanzania inayo nyingi katika vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam, ingawa kwa Bukoba mwendo huo ni wa zaidi ya kilomita 1,000, na mfanyabiashara anayepita Mutukula kwenda Uganda huenda akaileta kwa nauli ndogo zaidi. Mahali pa kuchimba udongo napo pana sheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na fukwe za maziwa, na mashimo mengi ya udongo wa mabondeni, ukiwemo wa bonde la mto Ngono, yako karibu mno na maji.

Suala ambalo wajenzi wengi hulisahau ni uzito. Tofali zito hustahimili moto, lakini pia huumeza. Tofali la kilo 3 likipashwa lote kutoka joto la kawaida mpaka nyuzi 900 huchukua joto la kiasi cha kilojuli 2,400, ambalo ni sawa na linalotolewa na gramu 150 hivi za kuni kavu, na hata ikichukuliwa kwamba ukuta hupata nusu tu ya joto hilo kwa wastani kwa kuwa upande wake wa nje hubaki vuguvugu, tanuri la matofali 400 litameza thamani ya kilo 30 za kuni kabla hata ya kuhesabu vyungu na joto linalotoroka na moshi, ambalo ni kubwa kuliko yote hayo. Ukuta mnene, kwa hiyo, si ukuta bora. Mpangilio unaofaa ni tabaka moja jembamba la matofali magumu kwa ndani, na nyuma yake tabaka la matofali mepesi ya kuhifadhi joto, yaani yenye matundu mengi ya hewa, kwa kuwa hewa iliyofungiwa katika vishimo vidogo hupitisha joto kwa shida. Jiko la kauri la Kenya, lililoenea katika miaka ya 1980 na kuigwa Afrika Mashariki nzima, hufanya kazi kwa mpangilio wa jamii hiyo: udongo wa kuchoma ndani, kizuizi cha joto katikati na bati nje.

Matofali mepesi hutengenezwa kwa kuchanganya udongo na kitu kitakachoungua na kuacha nafasi tupu, na Kagera ina vitu viwili vya namna hiyo kwa wingi: vumbi la mbao kutoka kwenye mashine za kupasulia mbao, na maganda ya kahawa kutoka kwenye vinu vya kukobolea. Kwa ujazo, kipimo kimoja cha udongo kwa kimoja au kimoja na nusu cha vumbi hutoa tofali jepesi ambalo bado linabebeka bila kumeguka. Kati ya vitu hivyo viwili vumbi la mbao ndilo salama zaidi, kwa sababu majivu ya maganda ya kahawa yana potashi nyingi, ambayo hubaki ndani ya tofali na kulishusha kiwango cha kuyeyuka. Tofali la maganda likae nyuma, mbali na moto, na pale litafanya kazi yake bila lawama. Kwa sababu hiyohiyo si busara kuchochea tanuri kwa makapi makavu ya migomba, hata kama yanapatikana bure, kwani majivu yake yana potashi tele.

Matofali huungwa kwa udongo, kamwe si kwa saruji. Udongo uleule wa matofali, ukichanganywa na vigae vilivyosagwa laini na kufanywa mzito kama uji, hupakwa kwa unene wa milimita mbili au tatu, baada ya tofali kuchovywa majini ili lisiunyonye mara moja. Maungio manene ambayo mwashi wa nyumba huyatumia kusawazisha matofali yaliyopinda yatasinyaa motoni na kudondoka juu ya vyungu, na hii ni sababu nyingine ya kuchagua yaliyonyooka. Tao la juu hufaidika na matofali yenye umbo la kabari, na hapo anayefyatua mwenyewe humzidi anayenunua, kwa kuwa kalibu yake yaweza kufanywa nyembamba upande mmoja. Mkunjo ulio imara zaidi hupatikana kwa kuning'iniza mnyororo kutoka misumari miwili ukutani, kuchora mkunjo unaojitokeza na kuugeuza juu chini, kwa maana tao la mkunjo huo hubeba uzito wake kwa mgandamizo tu, bila matofali yake kupindwa, ingawa miguuni bado husukuma kwa pembeni.

Hata hivyo mnyororo hausemi lolote kuhusu ardhi inayotikisika, na tetemeko la Septemba 10, 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9, liliua watu na kubomoa maelfu ya nyumba za Kagera, nyingi zikiwa za matofali yasiyofungwa kwa kitu chochote chenye kuvutika. Tanuri lililoungwa kwa udongo ni dhaifu kuliko nyumba hizo mbele ya mtikisiko wa pembeni, kwa hiyo pembe zake zifungwe kwa vyuma vya kona vilivyounganishwa na nondo juu na chini, vikiachiwa nafasi ndogo ya kufuata mpanuko wa ukuta. Matofali yaliyookotwa kwenye nyumba zilizobomoka yaweza kutumika katika tabaka la nje baada ya kukwanguliwa saruji yote, lakini ndani yasiingie kabla ya kupita jaribio la moto, kwani nyufa zisizoonekana kwa macho ndizo hufunguka zikipashwa.

Jambo la mwisho ni paa. Tofali la kilo 3 lenye matundu yanayotakiwa laweza kunywa nusu lita ya maji, na tanuri la matofali 400 lililoachwa chini ya mvua za Machi hadi Mei laweza hivyo kubeba lita 200, ambazo kuzigeuza mvuke hugharimu kilo 35 nyingine za kuni na kuziweka kuta katika hatari ya kupasuliwa na mvuke uliokosa njia. Kibanda cha mabati chenye paa lililo juu vya kutosha kuepuka miali ya dohani hulipa gharama yake katika msimu mmoja. Tanuri jipya nalo, likiwa bado lina maji ya ujenzi, hupashwa tupu kwa moto mdogo wa siku tatu au nne mpaka kioo au kipande cha bati kikavu kikiwekwa mdomoni mwa dohani kisitoke na jasho, ndipo moto mkubwa uruhusiwe. Matofali ya kinywa cha moto ndiyo yatakayochakaa kwanza, kwa hiyo siku ya kufyatua hutengenezwa seti mbili kutoka shimo moja la udongo, moja ikajengwa na ya pili ikachomwa pamoja na vyungu vya kwanza na kuwekwa kando mahali pakavu.